Alhamisi Asubuhi, Ndege Mashambani

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Mkutano wa chama cha wakulima. Nilikwenda kwa ajili ya kivuli, nikarudi na jukumu.

Habari yenyewe: mashamba ya chini hayapati maji. Mfereji umejaa kule juu langoni, ukifika chini unakuwa kamasi tu. Mpunga unakaribia kutoa masuke. Usipopata maji upesi utatoa mapepe, maganda matupu yasiyo na punje. Shamba la mwisho kabisa, linaloumia kuliko yote, ni la mama mkwe wangu. Hana lingine.

Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto, alipendekeza wanachama waufuate mfereji kwa miguu, kutoka langoni hadi chini, katikati ya matete, watafute mahali maji yanapopotelea. Asubuhi moja tu, alisema. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaunga mkono. Huyu huunga mkono lolote lisilohitaji akili.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Nikawaambia kutembea ni mambo ya kizamani. Mimi ninayo ndege isiyo na rubani, inayojiendesha yenyewe, itakayopiga picha mashamba yote kutoka juu. Panapovuja maji pataonekana kijani kupita kiasi. Picha moja, jibu moja. Makofi!

Mwenyekiti akauliza kama ndege iko tayari. Nikasema iko tayari, bado vitu vidogo vidogo. (Kiwiliwili. Betri. Kamera. Kuruka.)

Wamenipa hadi Alhamisi ya wiki ijayo. Kutembea kumeahirishwa. Ndipo shemeji akasimama akasema, mbele za watu, kwamba ndege ikishindwa nije dukani kwake kupima misumari, maana siku nyingi anatafuta mtu asiye na shughuli. Kwa hasira nikasema sawa. Makofi ya pili yalizidi ya kwanza. Sikuyapenda.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Mke wangu kashasikia. Anafundisha Kiswahili sekondari, na habari humfikia kabla ya aliyezitoa. Hakugomba. Alisahihisha madaftari kimya kimya kwa kalamu nyekundu, nami nikajiona nimo humo ndani.

Kazi imeanza. Kiwiliwili: antena ya televisheni. Mota nne, mapanga yake na ubongo (kibao kidogo cha umeme chenye kujua kiko wapi duniani) ninavyo tangu mwaka juzi, nilipotaka kusambaza mikate nyumba kwa nyumba kwa njia ya anga. Mradi ule ulikwama kwa sababu ya mbwa. Kamera: simu yangu. Betri: ile ya keekee ya shemeji, mashine yake ya kutobolea mbao, niliyoazima na ambayo hajakumbuka kuidai.

Jioni mke wangu aliuliza kwa nini hakuna picha kwenye televisheni. Nikamwambia sayansi hudai sadaka. Akauliza kwa nini sadaka hutolewa na yeye kila mara.

Jambo jingine. Nimeamua kutoiita droni. Neno la kuazima! Tunalo letu: ndege. Nilimwambia mke wangu nikitarajia sifa. Akasema vizuri sana, ila niangalie ngeli. Kumbe nilikuwa nimesema ndege wangu ataruka. Akanieleza, kwa ile sauti ya kidato cha kwanza, kwamba ndege wa mbawa ataruka, ndege ya mota itaruka, na kwamba kitenzi ndicho kinachomwonyesha msomaji unazungumzia kipi. Mimi nimeshika bisibisi mkononi, yeye ananisomesha ngeli. Ndiyo ndoa hiyo.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Jaribio la kwanza. Sebuleni, kwa sababu nje kuna upepo na kuna majirani.

Ameruka! (Imeruka. Mke wangu asisome hapa.) Imekwenda moja kwa moja hadi kwenye dari ikakaa hapo, imejibana kama mjusi, inanguruma. Nilisahau kuiambia ishuke. Ubongo wake hufuata maagizo, na mimi nilitoa agizo moja.

Hodi mlangoni. Mama mkwe!

Nilimkaribisha kiti kilicho mbali na ndege, lakini sebule yetu haina mbali. Tukasalimiana. Akauliza habari za kazi, nikasema nzuri, kwa sauti ya kupaza kidogo. Ni mtu wa heshima zake. Hakuinua macho wala hakuuliza, ingawa vumbi la dari lilikuwa likimdondokea kwenye mtandio.

Alikuja kwa jambo lake. Ncha za mpunga wake zimeanza kugeuka njano. Akasema shemeji amejitolea kuufuata mfereji peke yake Jumamosi, bila kungoja mtu. Moyo ukanilipuka. Nikamwambia kwa adabu kwamba asithubutu, nyayo zake zitaharibu picha. Uongo mtupu, lakini ulitoka umenyooka. Mama mkwe akafikiri kidogo, akasema basi, kama mwanangu amesema tungoje, tutangoja. Yeye mwenyewe atamzuia kijana wake.

Aliniita mwanangu. Aliniamini. Hilo ndilo lililoniuma, nikashindwa kumaliza chai.

Betri ilipoisha, ndege ikaangukia sahani ya mikate. Mama mkwe akasema lo, akajipangusa, akaaga.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Leo uwanja wa mpira wa shule. Mke wangu aliniombea ruhusa kwa mwalimu mkuu, akamwambia mimi ni mzazi. Hatuna mtoto pale.

Hatimaye nimegundua namna ya kuifundisha njia. Sina haja ya ramani wala hesabu. Unauwasha ubongo tu, mota zikiwa zimezimwa, unaibeba mikononi, unaipitisha pale unapotaka ipite. Inakumbuka yote. Kisha unaiweka chini, unabonyeza, inaruka juu kwa juu kwa njia ile ile. Kama kumfundisha mtoto njia ya dukani.

Nikaibeba kuuzunguka uwanja. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasikia kiu. Nikapitia kibanda cha mama muuza chai, nikanywa vikombe viwili, tukazungumza habari za binti yake anayeolewa, nikarudi nikamaliza kona ya nne.

Nikabonyeza. Ndege ikaruka! Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, barabara kabisa. Kisha ikaacha uwanja, ikaenda zake kibandani, ikasimama angani mbele ya dirisha la mama muuza chai. Ikakaa. Mama akaifukuza kwa taulo. Haikuondoka. Ilikaa pale muda wa vikombe viwili na habari za harusi, ndipo ikarudi kona ya nne ikatua miguuni pangu.

Siwezi kuisimamisha ikiwa safarini. Nimekusudia. Kinachojiendesha hakiamrishwi.

Nimelipia sukari iliyomwagika. Lakini inakumbuka!

Jumapili, tarehe 11 Mei

Shemeji amenitumia zawadi. Aproni ya dukani, rangi ya kahawia, imetariziwa kifuani: INJINIA. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Ndugu ni ndugu tu.

Nikalipiza. Niliibeba ndege nikalizunguka duka lake, nikijifanya nanyoosha miguu, kisha nikairusha. Picha ya kwanza kutoka angani, safi ajabu! Paa la muuza mabati limejaa kutu, limekandamizwa kwa matairi na mawe, na katikati yake kuna shimo lililozibwa kwa sufuria. Nikaichapisha kubwa, nikaibandika kwenye mlango wa ghala la chama. Watu wakaitazama. Nikasimama pembeni kama mtu anayengoja mvua.

Jioni shemeji akaja nyumbani kunishukuru. Siku zote anasikia matone ya maji asijue yanatoka wapi. Amepanda juu akabadilisha mabati, na wateja waliokuja kumcheka wamemwona akifanya kazi, watatu wameagiza mabati kama yale. Akaniachia soda.

Nimeinywa. Haikuwa baridi.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Leo nimeifundisha ndege njia ya kazi yenyewe. Yaani nimeibeba kutoka langoni, nikafuata mfereji wote hadi shamba la mama mkwe, katikati ya matete. Kazi ya kuua mtu! Sielewi wale waliotaka kuifanya kwa miguu walikuwa wanafikiri nini.

Ubongo wake una taa ndogo ya kijani, na taa hiyo sharti iendelee kuwaka, la sivyo ndege inapotea. Huwaka ukiiinua juu ya kichwa. Hivyo nilitembea njia nzima mikono juu, uso juu, macho kwenye taa. Mfereji wenyewe sikuuona hata kidogo. Si kazi yangu kuuona. Ni kazi ya ndege.

Nilipofika usawa wa tanuri la zamani la matofali, upande wa pili wa ukingo, mahali panapopaswa kuwa pakavu kabisa, nikazama kwenye tope hadi magotini. Tope kubwa, la baridi, lenye maji yanayotembea. Kiatu cha kushoto kikabaki humo. Nikazunguka, nikazunguka, nikipapasa kwa mguu, mikono bado juu. Sikukipata. Hasira zilinipanda. Watu wa chama hawatunzi njia zao.

Nikaendelea na kiatu kimoja. Juu ya dungu lake, kile kilingo cha miti mirefu, alikuwepo Dada Shabaha, anayeamia ndege, yaani anawafukuza wasile nafaka. Ana kombeo na maneno mengi. Akaniambia juzi amempiga ndege jicho la kulia, akauliza kama nataka la kushoto. Nikamwambia kila mtu na fani yake.

Mama mkwe alikuwa shambani kwake, anamwagia mpunga maji kwa ndoo. Kwa ndoo! Shamba zima! Akaniuliza kiatu kiko wapi. Nikasema nimepunguza uzito. Akanipa maji ya kunywa kutoka kwenye ndoo ile ile. Nimerudi nyumbani sina raha.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Mwenyekiti kaniita. Anataka wakulima watangaziwe mapema, wasije wakashtuka kuona kitu angani, maana wapo wenye moyo dhaifu. Nikaandike kwenye ubao wa ghala.

Mke wangu akaomba apitie tangazo kabla sijaliandika. Nikakataa kwa upole. Tangazo la kiufundi halipitiwi na mtu wa fasihi.

Ubao ni mdogo, na nusu nzima imeshikwa na tangazo la mbolea lisiloruhusiwa kufutwa. Nikasimama na chaki nikiwaza. Ndege itapita? Ndege atapita? Nilijua nikikosea tu, mke wangu atapita hapo akirudi shuleni, atatoa ile kalamu yake nyekundu, ataniaibisha ubaoni mbele ya chama kizima. Ndipo wazo likanijia, nalo ni zuri kuliko yote niliyowahi kupata. Pasipo kitenzi hakuna ngeli. Pasipo ngeli hakuna kosa!

Nikaandika kwa herufi kubwa:

ALHAMISI ASUBUHI NDEGE MASHAMBANI. JIANDAENI.

Nikarudi nyuma hatua chache kulitazama. Fupi, safi, halina pa kushikwa. Mke wangu alipopita jioni alilisoma, akasimama, akalisoma tena. Akaniuliza nyumbani kama nina hakika. Nikamuuliza kosa liko wapi, alitaje. Akafungua mdomo, akaufunga, akasema kosa halipo. Nimeshinda! Mara ya kwanza tangu tuoane!

Jumatano, tarehe 14 Mei

Tangazo limepokelewa kwa kishindo. Sijawahi kuheshimiwa hivi. Kila niliyekutana naye alinishika mkono akinishukuru kwa kuwatahadharisha mapema. Mzee mmoja aliniuliza nimejuaje. Nikasema nimesoma.

Dada Shabaha aliteremka kwenye dungu kunipa mkono. Akasema safari hii tumejipanga, hatuachi hata mmoja. Nikafurahi. Ni kweli, hata mkulima mmoja hatakosa kuonekana kwenye picha.

Dukani kwa shemeji kulikuwa na foleni. Watu wananunua madebe, kamba, na mipira ya kutengenezea manati. Nikajua wanajiandaa kufunga vizuri mapaa yao, wasije wakapigwa picha kama yeye. Shemeji mwenyewe alinitazama kwa jicho la ajabu akauliza kama nimesoma vizuri nilichoandika. Wivu huo. Nikamwambia ayazoeshe macho yake kunitazama nikiwa juu.

Mama mkwe ametuma ujumbe. Atakuwepo tangu alfajiri, na wajukuu wote, na majirani zake wote. Asema mpunga wenyewe umebaki kidogo, huo kidogo hataki upotee. Sikuelewa vizuri, lakini nimeguswa. Ukoo mzima unakuja kuitazama kazi yangu. Nimeisugua antena kwa majivu.

Alhamisi, tarehe 15 Mei

Nitaandika kama mambo yalivyokuwa, nisimlaumu mtu, ingawa wa kulaumiwa wapo.

Asubuhi njema, haina upepo. Nilikuwa langoni na Mwenyekiti. Alikuja na debe. Nikadhani ni la kukalia. Mashambani kimya, hakuna mtu wima, wote wamechuchumaa ndani ya mpunga. Nikasema moyoni, watu wastaarabu hawa, wamejificha wasiharibu picha. Mwenyekiti akaninong'oneza akiuliza watatokea upande gani. Nikamwambia inatokea hapa hapa, mikononi mwangu. Akanitazama.

Nikabonyeza. Ikapaa! Niliiwekea iruke chini, usawa wa nguzo ya umeme, picha zitoke safi. Ikashika njia ya mfereji kwa utulivu kama bwana harusi. Nilitokwa na machozi, sioni haya kusema.

Ndipo mashamba yote yakasimama kwa pamoja. Madebe! Vyuma! Vigelegele! Nikampungia mkono kila mtu. Nilidhani ni shangwe.

Jiwe la kwanza lilipita chini yake. La pili juu yake. Baada ya hapo hayakuhesabika, kila mwenye mkono alirusha. Nikapiga kelele kwamba ni ndege, ni ndege! Wao wakaitikia ndiyo, ni ndege, tumemwona! Nikageuka kwa Mwenyekiti, naye alikuwa akilipiga debe lake kwa moyo wake wote. Nikamshika mkono nikamweleza. Debe likamponyoka. Akasema, polepole, kwamba wao walidhani nimewaonya juu ya kundi la ndege waharibifu. Akaniuliza kwa nini sikuandika itapita.

Sikuwa na nafasi ya kumjibu. Tulikuwa tunakimbia.

Lazima niisifu. Haikukwepa wala haikuharakisha. Ilipigwa mguu mmoja ukakatika, ikaendelea. Na ingefika, wallahi ingefika, kama isingefika kwanza usawa wa tanuri la matofali. Pale ikasimama. Ikaanza kuzunguka. Ikazunguka, ikazunguka, mahali pale pale. Ilikuwa inatafuta kiatu changu.

Dada Shabaha hakuhitaji zaidi ya hapo. Jiwe moja. Ikaanguka ndani ya matete, naye akaruka kutoka dunguni akakimbilia kuiokota, akitamba. Halafu hatukumwona. Tukamsikia tu. Alikuwa amezama hadi kiunoni.

Waliokwenda kumvuta ndio waliogundua. Maji yalikuwa yakitembea chini ya miguu yao. Panya wamechimba ukingo wa mfereji, tundu likapanuka, na maji yote ya mashamba ya chini yanaishia kwenye shimo la zamani la udongo wa matofali. Limejaa pomoni. Kuna bata mle!

Hakuna aliyengoja picha. Majembe, magunia ya mchanga, mawe yale yale waliyorusha. Shemeji alifungua duka akaleta mbao bila kuulizwa. Tundu likazibwa. Na maji yakashuka. Tuliyafuata kwa miguu pembeni ya mfereji, watoto mbele, hadi shamba la mwisho. Mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni na ndoo. Maji yalipomgusa vidole vya miguu aliiweka ndoo chini, akafunika uso kwa mtandio, akalia. Nilifurahi. Nilifurahi hata nikasahau kwamba sina ndege, sina simu, sina antena.

Kisha Dada Shabaha akaja na tope lake mwilini, akiwa ameshika kitu. Akasema kilikuwa mle tunduni, kimekwama mdomoni kabisa. Akauliza ni cha nani.

Kiatu. Cha kushoto.

Shemeji alikitambua, maana yeye ndiye aliyeniuzia. Mwenyekiti akauliza nilipita pale lini. Nikasema Jumatatu. Akauliza kama Jumatatu palikuwa na maji. Nikasema yalikuwepo kiasi. Akauliza kwa nini sikusema.

Nikawaambia kiatu nilikiacha makusudi. Ni alama.

Hakuna aliyepiga makofi.

Ijumaa, tarehe 16 Mei

Mkutano wa chama. Ajenda moja: mimi.

Nilijitetea vizuri. Nikasema ndege iliahidiwa kuonyesha panapovuja, na imeonyesha, kwa kupaangukia. Mwenyekiti akaomba kuona picha. Kadi ya simu imepona, basi zikatazamwa kwenye simu ya shemeji. Picha za mashamba hazimo. Yamo mawe, yanakuja. Mengine yametoka vizuri sana. Ya mwisho ni uso wa Dada Shabaha, jicho moja limefumbwa. Ameomba apewe nakala.

Wakapiga kura. Ndege imepewa shukrani za chama. Mimi nimepewa duka. Imeamuliwa pia kwamba kuanzia sasa wanachama wataufuata mfereji kwa miguu kila mwezi. Teknolojia imerudishwa nyuma miaka mia.

Nyumbani nilimkuta mke wangu akitunga mtihani. Nikachungulia. Swali la kwanza: Tunga sentensi mbili kuonyesha maana mbili za neno ndege. Nikamuuliza kama hilo ni lazima. Akasema lina alama nne. Kisha akaweka kalamu chini, akanishika bega, akasema mama yake leo amekula akashiba kwa mara ya kwanza wiki hii. Akasema pia kwamba nilipokataa kusahihishwa alipaswa kunilazimisha. Ni kosa lake nusu. Nikamkubalia.

Mama mkwe alikuja jioni. Amekiosha kiatu, amekianika, amekipaka rangi. Akakiweka miguuni pangu kwa mikono miwili, mimi mkwe wake, nikaona aibu sijui niangalie wapi. Akaniambia: Mwanangu, siku nyingine ukikanyaga maji pasipostahili maji, sema tu. Usingoje kitu kiruke.

Nikaitikia ndiyo mama. Nimelifikiria neno lile jioni nzima, na nadhani ni methali.

Jumatatu, tarehe 19 Mei

Siku ya kwanza dukani. Nimevaa aproni. Misumari hupimwa kwa kilo, mtu yeyote anaweza, hivyo akili imekuwa huru.

Nimekaa nikachambua kilichotokea, bila upendeleo. Kosa nimelipata. Tangazo lilikuwa refu mno. Lile neno JIANDAENI ndilo lililoleta balaa lote. Bila hilo watu wangekaa majumbani mwao.

Kosa la pili: anga. Anga lina mawe. Ukaguzi wa mfereji haupaswi kufanywa kutoka juu, wala kwa miguu kama ng'ombe. Unafanywa kutoka ndani. Nimeanza kutengeneza chombo kinachojiendesha chini ya maji, chenye taa na kamera, kitakachopita mfereji mzima na kutazama kingo zake tundu kwa tundu. Mkia unatikisika wenyewe. Mota ninazo mbili zilizopona. Kiwiliwili: birika la mke wangu, ambalo hajauliza liko wapi. Nimekipa jina la Kiswahili safi.

Nimeomba ruhusa kwa Mwenyekiti kwa kumwambia ni kitu kidogo, na mchana nikapita ghalani na chaki. Sasa hivi limo ubaoni, pembeni ya tangazo la mbolea:

JUMAMOSI SAMAKI MFEREJINI.

Maneno matatu. Halina kitenzi, halina JIANDAENI, hakuna atakayelikosea. Mama mkwe amelisoma akipita, akaniuliza kama nina hakika, nami nikamhakikishia.

Shemeji naye amelisoma. Akarudi dukani hasemi kitu, akachukua simu, akaagiza nyavu na katoni nzima ya ndoano. Namhurumia. Biashara haijui kabisa. Hapa petu nani atanunua ndoano?